Kisu cha Kukunja: Kabla Hujakitia Mfukoni

Ukinitazama nikiandika darasani utaona kwamba kidole changu cha shahada cha mkono wa kulia hakikunjiki sawasawa na vingine. Wenzangu wengi wa Kidato cha Tatu wameniuliza kisa chake, nami kila mara nimejibu kwa mkato tu, "Kisu." Leo, kwa kuwa mhariri wa jarida la chama chetu amenipa nafasi, nitaeleza kwa kirefu. Sitaeleza habari za kidole pekee, la hasha. Nataka kueleza habari za kisu chenyewe, kile kidogo cha kukunja ambacho babu zetu hutembea nacho mfukoni, maana nimegundua kwamba wengi wetu tunakitumia bila kujua kinavyofanya kazi, na baadhi ya wanaotuuzia wanajua kwamba hatujui.

Mjomba wangu huko Makueni huuza miche ya miembe. Kazi yake ni kupandikiza. Huchukua mche wa mwembe wa kienyeji uliofikia unene wa penseli, akaukata kichwa, akaupasua katikati kwa urefu wa sentimita 4 hivi, kisha akachomeka humo kijiti cha mwembe wa kisasa, kama vile Apple au Kent, kilichochongwa pande mbili mfano wa kabari. Hufunga kwa utepe wa plastiki na kusubiri. Kikishika, baada ya wiki chache kijiti huchipua. Likizo ya Aprili mwaka jana, nikiwa Kidato cha Pili, alinipa kisu kipya cha kukunja alichokuwa amekinunua sokoni kwa shilingi 150, akaniambia, "Haya mpwa wangu, leo utakula jasho lako."

Kisu kilimetameta kama kioo. Kilikuwa na mpini mwekundu, na ubavuni kimeandikwa kwa herufi kubwa STAINLES STEEL GERMANY. Ndiyo, herufi S moja ilikosekana, nami hodari wa insha sikuiona!

Vijiti nilichonga vizuri tu. Mkosi ulinipata kwenye kupasua. Nilikididimiza kisu katika mche wa nne, kikabanwa na mti. Nikavuta, wapi! Basi nikaukandamiza mpini kwenda chini, nikitumaini ncha itainuka na kisu kitachomoka. Ncha haikuinuka. Kisu kilikunjika kwenye kiungo chake kama mguu unavyokunjika gotini, na kidole changu kikawa katikati ya makali na mpini. Sikusikia uchungu mara moja. Niliona kwanza damu juu ya utepe mweupe, ndipo nikapiga ukemi, "Woi!"

Jirani aliyetangulia kufika alitaka kunimwagia mafuta ya taa. Mjomba alimzuia, akanibana jeraha kwa kitambaa safi, akaniinua mkono juu ya kifua, na tukaenda zahanati kwa pikipiki nikiwa nimeuinua vivyo hivyo. Nilishonwa nyuzi 5 na kudungwa sindano ya kuzuia pepopunda. Daktari aliniamuru nijaribu kukunja kidole, akanyamaza kitambo, kisha akasema kano imekwaruzwa lakini haijakatika. Ingalikatika, ningalihitaji kufanyiwa upasuaji wa kuiunga. Shule zilipofunguliwa sikuweza kushika kalamu kwa wiki tatu. Mtihani wa kufungua muhula uliandikwa nikiwa nimeketi dawatini mikono mitupu, nikitazama wenzangu.

Sasa tuje kwa Babu. Jioni ya siku ile alikuja kunipa pole. Alichukua kile kisu chekundu, akakifungua na kukifunga mara tatu nne karibu na sikio lake, mithili ya mtu anayesikiliza saa. Kisha akatoa chake mfukoni, kisu cheusi chenye mpini wa pembe alichokinunua Machakos kabla mama yangu hajazaliwa, akanipa.

"Fungua," akasema.

"Babu, nina mkono mmoja."

"Basi nitakufungulia. Wewe sikiliza."

Kile chake kililia mara mbili: tak, kikasimama nusu, tak, kikafunguka kabisa. Kile chekundu hakikulia hata kidogo. Kilifunguka laini kama mlango wa kabati lililochakaa. "Mjukuu wangu," akasema, "hiki hakijui kama kimefunguliwa au kimefungwa. Utakishikaje kama hakijui?"

Hapo ndipo somo lilipo, na naomba tutulie nalo kidogo. Kisu cha kukunja cha jadi hakina komeo. Kinachokizuia kisikufungie vidoleni ni ukanda mmoja tu wa chuma uliolala mgongoni mwa mpini. Huo ndio springi yake. Sehemu ya ubapa inayoingia ndani ya mpini, tuiite kisigino, imechongwa kwa pande bapa na kupitishwa ribiti, ili ubapa uzunguke. Kisu kinapofunguka, upande mmoja bapa wa kisigino hulala juu ya springi, na springi huukandamiza. Ili kisu kifungwe, pembe ya kisigino lazima kwanza iinue springi juu kidogo. Nguvu ya kuiinua ndiyo unayoisikia kidoleni, na springi inaporudi chini ndipo inapolia tak. Vingine, kama cha Babu, vina upande bapa wa ziada ili kisu kisimame nusu njia kabla ya kufunga kabisa. Kituo hicho cha katikati hukupa fursa ya kuondoa vidole.

Sasa fikiria kisigino ambacho pembe zake ni mviringo kwa sababu fundi alichonga ovyo ovyo, au springi iliyotengenezwa kwa bati laini. Hakuna cha kuinua. Hakuna cha kuzuia. Kisu kitasimama wima mkononi mwa muuzaji kwa kuwa hakuna anayekisukuma, lakini siku utakapokitia kazini kitakunjika.

Tena kuna jambo ambalo hata kisu bora hakiwezi kubadili. Unapokata kwa makali, kama vile kuchonga kijiti au kumenya muwa, mti husukuma ubapa upande wa kufunguka, kwa hiyo kisu hujikaza chenyewe. Lakini ukidunga kwa ncha, ukikandamiza kwa mgongo wa kisu, au ukikitumia kama mtaimbo jinsi nilivyofanya mimi, unakisukuma upande wa kufunga. Hapo umebaki wewe na springi yako. Kwa hiyo kosa lilikuwa la kisu na langu pia. Babu alisema hata chake kingeweza kunikata kwa mtindo ule, ila kingenionya kwanza.

Nilimwuliza inakuwaje kisu chenye maandishi ya Ujerumani kiwe kibovu namna ile. Babu alicheka akasema maandishi hayakati kitu. Mimi sikuridhika. Mkono ulipopona niliingia maktaba, na niliyoyasoma yalinistaajabisha. Huko Uingereza mji wa Sheffield ulisifika kwa visu tangu kale, hata chama cha mafundi wake kiliundwa kwa sheria ya bunge mwaka 1624. Katika karne ya 19 watengenezaji wa Solingen, mji wa visu wa Ujerumani, walilaumiwa kwa kugonga mihuri ya Sheffield juu ya bidhaa zao za bei rahisi. Waingereza wakakasirika, na mwaka 1887 wakatunga sheria ya alama za biashara. Kutokana nayo bidhaa za Wajerumani zikaanza kuandikwa kwamba zimetengenezwa Ujerumani, ili mnunuzi ajihadhari. Kumbe Wajerumani nao wakaongeza bidii, ubora ukapanda, na yale maandishi yaliyokusudiwa kuwa aibu yakageuka sifa. Ikafika mahali jina la Solingen lenyewe likahitaji kulindwa kwa sheria ya Ujerumani ya mwaka 1938. Na leo, jameni, mtu fulani mahali fulani amegonga jina la Ujerumani juu ya kisu cha shilingi 150 na kusahau herufi. Hapa Kenya tunayo sheria ya kupambana na bidhaa bandia tangu 2008, lakini askari hawezi kusimama kando ya kila turubai la sokoni. Kisu cha Babu hakina jina lolote. Lilifutika zamani kwa kunolewa.

Kuhusu chuma chenyewe, mwalimu wetu wa Kemia alinisaidia. Chuma cha pua cha kisu kina kaboni kidogo ndani yake, kama asilimia moja au pungufu. Hiyo ndiyo inayokiwezesha kuwa kigumu, lakini hakiwi kigumu hivi hivi. Lazima kitiwe matiko. Mhunzi hukichoma hadi kiwe chekundu, takriban nyuzi 800 za Selsiasi, akakizamisha ghafla katika mafuta. Kikitoka hapo ni kigumu kama kioo, na kama kioo huvunjika. Kwa hiyo hukipasha moto tena, safari hii nyuzi 200 hivi tu, hadi uso wake uliong'arishwa uwe na rangi ya majani makavu. Ndipo hupata ugumu pamoja na ustahimilivu. Kisu kisichotiwa matiko ipasavyo hakishiki makali hata ukinoe asubuhi na jioni. Chuma kisichoshika kutu ni hicho hicho kilichoongezwa kromiamu, angalau asilimia 10.5. Nacho lazima kitiwe matiko, tena kikiachwa kichafu na chumvi hupata madoa. Kwa hiyo kung'aa si hoja. Kisu cha Babu ni cheusi kwa sababu tindikali ya maembe na machungwa imekigeuza rangi kwa miaka mingi, na weusi ule si kutu. Kutu ni ile nyekundu inayokula na kuacha vishimo.

Wapo wanaosema upime kisu kwa sumaku, ati kikishikwa na sumaku si cha kisasa. Hiyo ni porojo. Vyuma vingi vya visu visivyoshika kutu huvutwa na sumaku vizuri sana. Ukitaka kujua, bora ujaribu tupa. Tupa ikila ubapa kwa urahisi kama inavyokula msumari, hicho ni chuma laini. Tupa ikiteleza, kimetiwa matiko. Tatizo ni kwamba hakuna muuzaji atakayekuruhusu kupiga tupa kisu chake kabla hujalipa!

Mwezi wa Agosti Babu alinipeleka sokoni tununue kingine. Alimwamkia muuzaji, wakaulizana habari za mvua, ndipo akaanza kazi yake. Nilidhani tungetumia dakika tano. Tulitumia saa nzima.

Alishika kisu kikiwa kimefungwa, akapitisha kidole gumba juu ya ufa wa mpini polepole. Ncha ikikuguna hapo, alisema, itatoboa mfuko na paja. Aliinua kila kisu kuelekea jua na kutazama kati ya springi na mbavu za mpini. Mwanga ukipita, kimeunganishwa vibaya na uchafu utaingia. Alikifungua, akashika ncha kwa vidole viwili na kuitikisa kushoto na kulia. Kinachocheza kama jino la mtoto alikirudisha bila neno. Alisikiliza mlio. Kisha akafanya jaribio ambalo nataka kila mmoja wetu alijue: alikishika mpini kwa ubavu, vidole vyote vikiwa mbali na njia ya makali, akauegemeza mgongo wa ubapa kwenye ukingo wa meza na kuusukuma kidogo kidogo. Kisu kizuri hukataa, kisha hukubali kwa shingo upande. Vinne kati ya saba vilikunjika kama karatasi.

"Mzee, unaniharibia biashara," muuzaji akasema.

"Sikuharibii, kijana yangu. Nakuonyesha vya kurudisha kwa aliyekuuzia."

Muuzaji hakuudhika. Naye ati huletewa katoni imefungwa, halipwi kwa kuchagua. Kwa kweli nilimhurumia kidogo.

Kimoja Babu alikikataa kwa sababu tofauti: springi yake ilikuwa kali mno, kucha nusura ing'oke. Kisu kigumu kufungua nacho ni hatari, kwa kuwa mkono huteleza ukiwa katika nguvu zake zote. Tuliondoka na kimoja tu, cha shilingi 450 baada ya maneno mengi.

Huenda msomaji anauliza, mbona tusinunue chenye komeo tumalize udhia? Swali zuri. Visu hivyo vipo na si vya jana. Ufaransa kuna kile cha Opinel, kilichoanza kutengenezwa katika milima ya Savoie mwaka 1890. Kwa miaka 65 kilikuwa bila komeo, mpaka 1955 kilipowekewa pete ya chuma shingoni ambayo huizungusha ikauzuia ubapa usirudi. Karibu na kwetu kuna Okapi, kisu chenye nyota na mwezi mpinini, kilichoanza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya makoloni yao ya Afrika. Kimepewa jina la yule mnyama wa misitu ya Kongo ambaye wanasayansi wa Ulaya walimpa jina lao mwaka 1901 tu, ingawa wenyeji wa Ituri walimjua tangu azali. Tangu 1988 kinatengenezwa Afrika Kusini. Kuna aina yake yenye meno mgongoni na pete ya kuvuta, nacho hulia kre-kre-kre kinapofunguka. Ni komeo rahisi na la kuaminika likiwa zima. Lakini komeo bovu ni baya kuliko kukosa komeo, kwa kuwa mtu huliamini na kukandamiza bila hofu. Jaribio la ukingo wa meza ni lile lile kwa vyote.

Tena kisu chenye komeo watu hukiogopa zaidi. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 1988, mtu anaruhusiwa kutembea na kisu cha kukunja kisichozidi inchi 3 bila kuulizwa sababu. Mahakama huko iliamua kwamba kisu kikiwa na komeo hakihesabiwi tena kuwa cha kukunja, hata kiwe kifupi. Sisi wa shule ya kutwa tunaopanda matatu kila asubuhi tunajua hofu hiyo. Kisu ni cha shambani, na shuleni hakiingii. Hata mwalimu wa Kilimo vile vya kupandikizia huvifungia stoo na kuvihesabu.

Utunzaji nao si mgumu. Utomvu wa maembe huganda kwenye kiungo na kuifanya springi ishindwe kurudi chini, kwa hiyo Babu huosha kiungo kwa maji ya moto na sabuni, akakikausha na kutia tone moja la mafuta ya cherehani. Hunoa kila Jumamosi, kwa sababu kisu butu hulazimisha nguvu, na nguvu ndiyo iliyonitia matatani mimi.

Kile chekundu Mjomba alitaka kukirudisha sokoni, lakini hakumkumbuka aliyemuuzia. Babu alikivunja ribiti kwa nyundo ili kisiokotwe na mtoto. Mjomba naye amebadilisha utaratibu kitaluni. Kuchonga vijiti tunatumia kisu cha kukunja. Kupasua mche tunatumia kisu kifupi kisichokunjika, ambacho mhunzi wa soko la karibu alitufulia kutoka kwenye msumeno wa zamani. Desemba nilirudi nikapandikiza miche 18 kwa kidole hiki hiki kisichokunjika vizuri. Mitatu imekauka, 15 imeshika.